Karatasi yenu inazungumzia kondo la nyuma: barua ya wazi kwa wenye maabara

Kwa wakurugenzi na wamiliki wa maabara na kliniki za kibinafsi zinazouza kipimo cha damu cha kromosomu kwa wajawazito, Mombasa na Nairobi.

Waheshimiwa,

Najua mna shughuli nyingi, kwa hiyo jambo langu nalitanguliza. Karatasi mnayompa mama mjamzito, ile yenye maandishi mekundu ya kumwambia kwamba yuko kwenye hatari kubwa, haikumpima mtoto wake. Imepima kondo la nyuma. Nyinyi mnalijua hilo, maana limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa pili, kwa Kiingereza cha kitabibu. Mama halijui, na mara nyingi daktari aliyemtuma kwenu naye hakumweleza. Naandika kuwaomba, na ombi lisipotosha kuwataka, muache kulitoa jibu hilo kama mnavyotoa jibu la malaria.

Mimi ni muuguzi mkunga. Asubuhi niko kliniki ya wajawazito, na zamu ikinifikia niko leba. Kondo la nyuma nalijua kwa mikono. Mama akishajifungua nalitandaza kwenye trei chini ya taa, upande uliokuwa umeshikana na mji wa mimba ukiwa juu, nakagua vipande vyake kama vimetimia au kimoja kimebaki ndani, kisha naligeuza, naufuata ukamba wa kitovu na kuitazama mishipa yake mitatu pale ulipokatwa. Kuna siku nakuta upande mmoja ni laini na mwekundu, na upande wa pili una mabaka meupe, magumu, ambayo damu haikupita kwa wiki kadhaa. Pembeni mtoto analia, mzima. Huku Pwani bado wako wanaoliomba wakalizike nyumbani, nami nawafungia vizuri nawapa. Kwa hiyo nikisema kwamba kondo na mtoto ni vitu viwili, sijayasoma hayo kitabuni tu.

Vimetoka kwenye yai moja, lakini viliachana njia mapema mno. Yai likisharutubishwa hugawanyika, seli moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, na kuendelea. Siku ya tano hivi limekuwa kitone chenye tabaka la nje na kifungu kidogo cha seli kwa ndani. Tabaka la nje ndilo litakalojenga ngozi ya kondo. Mtoto hutoka kwenye kile kifungu cha ndani, na hata humo ni sehemu tu ya seli inayokuja kuwa yeye. Kila seli inatakiwa iwe na kromosomu 46. Seli moja ikikosea katika kugawanyika, ikabaki na 47 au 45, wazao wake wote huirithi hesabu hiyo, huku jirani zake wakiendelea na 46 zao. Panakuwa na seli za aina mbili katika mimba moja. Hiyo ndiyo hali wanayoiita wataalamu mozaiki ya kromosomu. Kosa likitokea mapema kabisa huweza kuenea kote. Likitokea baada ya njia kuachana, huweza kubaki kwenye kondo peke yake na mtoto asiguswe. Na pia huweza kubaki kwa mtoto peke yake, kondo likaonekana safi.

Iko njia ya pili, nayo kwangu ni ya ajabu zaidi. Mimba inaanza ikiwa na kosa tayari: yai la mama limekuja na kromosomu moja ya ziada, na kila seli ina 47. Kisha, katika siku zile za mwanzo, seli moja inaipoteza ile ya tatu na kurudi kwenye 46. Mtoto anajengwa na wazao wa seli hiyo. Kondo linabaki na zile za zamani, au na mchanganyiko. Mimba imejiokoa yenyewe kabla mama hajajua kwamba anayo. Uokozi huo una gharama zake, nitazifikia.

Hii si habari mpya. Mwaka 1983 Dagmar Kalousek na Fred Dill, wakiwa Vancouver, Canada, waliandika katika jarida la Science juu ya mimba ambazo kromosomu za kondo zilikuwa na kasoro na za mtoto zilikuwa sawa. Kalousek alikuwa mtaalamu wa patholojia, mtu wa kukata na kutazama makondo ambayo wengine huyatupa. Tangu hapo imejulikana kwamba kwa wanawake wanaochukuliwa kinofu cha kondo kati ya wiki ya 11 na ya 13, mmoja au wawili katika kila 100 hukutwa na mozaiki. Maabara moja ya Italia ilichapisha mwaka 2015 hesabu ya wanawake 1,001 waliokutwa hivyo kisha wakachotwa maji ya uzazi kuthibitisha. Kwa asilimia 87 kasoro iliishia kwenye kondo. Asilimia 13 tu ndiyo iliyomfikia mtoto.

Sasa njooni kwenye kipimo chenu cha damu. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walichapisha katika The Lancet kwamba katika maji ya damu ya wanawake wenye mimba za watoto wa kiume wameona vipande vya DNA vya kromosomu Y, ambayo mwanamke hana. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na hakuna mkunga mwenye akili atakayeudharau. Tangu 2011 umekuwa biashara. Mama wa wiki kumi anatolewa damu mkononi, inatiwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia seli zake nyeupe zisipasuke njiani, inapanda ndege, na baada ya siku kadhaa jibu linarudi. DNA inayotafutwa humo tunaiita ya mtoto kwa mazoea. Karibu yote hutoka kwenye tabaka la nje la kondo, lile lililoachana njia na mtoto siku ya tano, seli zake zinapokufa na kumwagika katika damu ya mama. Nayo kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi tu ya DNA inayoelea humo. Nyingine yote ni ya mama mwenyewe.

Wafanyabiashara wa nafaka mjini kwetu hununua gunia kwa bambo. Wanalichoma, wanatoa konzi ya mchele, wanautazama kiganjani, wanakata bei. Bambo linafaa ikiwa mchele wa juu na wa chini ni mmoja. Nyinyi bambo lenu mmelichoma kwenye gunia la jirani, lililojazwa shamba moja na lile analoliulizia mama, na aghalabu mchele ni ule ule. Aghalabu. Neno hilo ndilo nisiloliona kwenye matangazo yenu.

Kwenye matangazo yenu naona asilimia 99. Si uongo, ila ni jibu la swali ambalo mama hakuliuliza. Mmepima ni watoto wangapi wenye trisomia 21, yaani kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, ambao kipimo kinawanasa, na ni kweli kinawanasa karibu wote. Mama aliyeshika karatasi nyekundu anauliza jambo jingine: mimi niliyeambiwa hivi, ni kweli?

Tupige hesabu pamoja. Chukueni wajawazito 10,000 wenye miaka 25 hivi. Kwa umri huo, mwishoni mwa mwezi wa tatu, mimba yenye trisomia 21 ni takribani moja katika 1,000, kwa hiyo tunao kumi. Kipimo kitawaona wote kumi au tisa. Wanabaki 9,990 ambao watoto wao hawana kitu. Kipimo kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000 wa hawa, na hicho ni kipimo kizuri sana, zinatoka karatasi nyekundu nyingine kumi. Karatasi ishirini, na nusu yake si kweli. Mama wa miaka 40 hesabu yake ni nyingine kabisa, kwa sababu kwa umri wake trisomia yenyewe ni nyingi zaidi, na karatasi nyekundu akipewa huwa ya kweli mara nyingi. Trisomia 13 ni adimu zaidi, kwa hiyo kwa binti wa miaka 25 karatasi nyingi za aina hiyo ni za uongo. Na mkiuza kifurushi kikubwa, kile cha vipande vidogo vya kromosomu vilivyokatika, mambo huwa mabaya kupita hapo. Gazeti la New York Times liliripoti Januari 2022 kwamba kwa baadhi ya kasoro hizo adimu majibu ya hatari huwa si sahihi takribani mara 85 katika 100. Aprili mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari rasmi kwamba kuna watu wameamua mambo makubwa kwa kutegemea vipimo hivi peke yake.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili: katika nyingi ya zile karatasi za uongo, mashine haikukosea. Ilihesabu sawasawa kilichomo damuni. Seli zenye kromosomu 47 zilikuwapo, ndani ya kondo. Ndiyo maana mama akirudi kwenu akadai kurudia kipimo kile kile, mkamtoa damu tena na kumtoza tena, jibu litatoka lile lile, naye ataondoka akiamini kwamba amethibitishiwa mara mbili. Nimewaona waliofanyiwa hivyo. Sitaki kuamini kwamba ni uroho. Nadhani aliyekaa mapokezi hakufundishwa.

Alinijia mama mmoja wa miaka ishirini na kitu, mimba yake ya kwanza, wiki ya 13. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Sista, hebu nisomee hii. Mimi naona nyekundu tu." Jibu lilimfikia kwa WhatsApp Ijumaa jioni, na chini yake ujumbe wa mapokezi ukimwambia amuone daktari wake. Daktari wake alikuwa safarini. Jumamosi na Jumapili alikuwa amesoma kila kitu kuhusu trisomia 13 ambacho intaneti inaweza kumpa mtu asiyelala. Hakwenda kwenye maabara kutafuta trisomia. Alikwenda kujua kama ni mvulana au msichana, maana tangazo lilianza hapo, na hayo mengine yalikuja ndani ya bei.

"Mavyaa wangu anasema kwao hakuna ugonjwa kama huu," akaniambia. Maana yake niliijua, na yeye alijua kwamba nimeijua.

Nilifungua ukurasa wa pili, nikauvuta kwa vidole mpaka herufi zikasomeka. Mistari minne. Ilisema kwamba hiki ni kipimo cha uchunguzi wa awali, kwamba jibu linaweza kuwa limetoka kwenye kondo, kwamba uamuzi wowote usifanywe kabla ya kipimo cha uthibitisho. Nikamfasiria mstari mmoja mmoja. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa kwa nini hawakuandika hii juu na ile chini?"

Alielekezwa Nairobi kuchotwa maji ya uzazi. Mumewe ni utingo. Walikaa wakapiga hesabu ya nauli, ya kulala, ya kipimo, wakaona haiwezekani. Wiki ya 20 alifanyiwa ultrasaundi na mtaalamu, moyo ukaonekana sawa, ubongo sawa, mdomo haukupasuka, vidole vitano vitano. Na trisomia 13 kamili mara nyingi huacha alama kwenye sehemu hizo. Tulimwambia tuna matumaini. Hata hivyo hakununua fulana moja ya mtoto mpaka siku ya uchungu. Alijifungua msichana, ambaye alilia kabla sijamaliza kumfuta. Kondo lake nililikagua kwa muda mrefu kuliko kawaida, na sikuona kitu. Kromosomu hazionekani kwa jicho. Vinofu viwili vitatu kama vingepelekwa maabara vingeweza kutupa jibu, lakini nani angelipa?

Wako wenye mwisho tofauti. Mwaka 2019, mjini Dublin, mama aliyekuwa mwanzoni mwa mimba alifanya kipimo cha damu, kikaonyesha trisomia 18. Alichukuliwa kinofu cha kondo. Kinofu kama hicho hutoa majibu mara mbili: la haraka la siku mbili tatu, na la pili baada ya seli kuoteshwa maabara kwa wiki moja hadi mbili, ambalo hutazama seli za kiini cha kondo, zilizo karibu zaidi na ukoo wa mtoto. La haraka lilikubaliana na damu. Mimba ilitolewa. Kisha jibu la pili likaja: kromosomu za kawaida, mtoto wa kiume. Mwaka 2021, katika kesi ya wazazi hao, Mahakama Kuu ya Ireland ilielezwa kwamba wadaiwa wamekubali dhima. Hawa walikuwa wataalamu wenye vifaa vyote, katika nchi ambayo sheria mpya ya kutoa mimba ilikuwa na miezi michache tu, na vipimo viwili vilikubaliana kwa sababu vyote viwili vilichota kwenye gunia moja.

Msinijibu kwamba Ireland ni mbali. Hapa kwetu Ibara ya 26(4) ya Katiba inaruhusu kutoa mimba pale mtaalamu wa afya anapoona kwamba mama anahitaji matibabu ya dharura, au maisha au afya yake imo hatarini, au pale sheria nyingine inaporuhusu. Kasoro ya kromosomu ya mtoto haikutajwa humo. Mama aliyekata tamaa kwa karatasi yenu hatakwenda kwa wataalamu wa Dublin. Atakwenda kichochoroni, na akitoka damu nyingi usiku atakuja kwangu. Nyinyi hamtajua.

Pande zote mbili nitazisema. Kipimo chenu ni bora kuliko vile vya damu vilivyokitangulia, na kimewaokoa wanawake wengi na sindano wasiyoihitaji. Jibu la hatari ndogo kwa trisomia 21 linaaminika sana. Na sitaki daktari asome barua hii kisha amwambie kila mama mwenye karatasi nyekundu, "Usijali, ni kondo tu." Kondo tu? Hilo ndilo linalomlisha mtoto na kumpa hewa miezi yote hiyo. Kondo lenye seli nyingi za trisomia 16, kwa mfano, mara nyingi hufanya kazi kwa taabu, na mtoto mwenye kromosomu sawa akazaliwa mdogo, au kabla ya wakati, au mama akapandwa na shinikizo la damu linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Mama huyo anahitaji kupimwa presha kwa karibu na mtoto kupimwa ukuaji kwa ultrasaundi mara kadhaa, si pongezi na kuagwa.

Zile gharama za uokozi nilizoahidi ziko hapa pia. Seli yenye kromosomu tatu za namba moja inapotupa moja, haichagui. Mbili zilitoka kwa mama na moja kwa baba. Ikitupwa ile ya baba, mtoto anabaki na mbili za mama peke yake, jambo ambalo kwa nadharia hutokea mara moja katika tatu. Kwa kromosomu nyingi hakuna neno. Kwa namba 15 mambo ni mengine, kwa kuwa zipo jeni humo zinazofanya kazi pale tu zinapotoka kwa baba, na mtoto aliyezikosa huzaliwa na sindromu ya Prader-Willi: misuli legevu uchangani, kisha njaa isiyoshiba. Hesabu yake ya kromosomu ni 46 safi. Anayesoma hesabu tu atamwambia mama kwamba yote ni sawa. Kwa hiyo mkipata trisomia 15, mama hahitaji kuhesabiwa kromosomu tu kwenye maji ya uzazi, bali pia kipimo cha kujua kila moja imetoka kwa nani. Ni wangapi kati ya mawakala wenu wa mauzo wanalijua hilo?

Maji ya uzazi nayo yana mipaka yake. Huchotwa kuanzia wiki ya 15, na mimba inayoharibika kwa ajili yake, kwa mtaalamu aliyezoea, ni chini ya moja katika mia. Seli zilizomo zimetoka kwenye ngozi ya mtoto, njia yake ya mkojo, mapafu. Zikikutwa za aina mbili, huenda mtoto kweli ni mozaiki, au seli moja imekosea baada ya kufika kwenye chupa ya maabara. Ndiyo maana maabara makini huotesha chupa zaidi ya moja na kuangalia kama kosa limejitokeza katika zote. Na likiwa la kweli, hapo ndipo ushauri unapokuwa mgumu. Asilimia ya seli kwenye maji haisemi asilimia ya seli kwenye ubongo au moyo. Katika kila watu 100 wenye sindromu ya Down, yaani trisomia 21, wawili hivi ni mozaiki, na wengine wao hawajulikani kirahisi kwa kuwatazama, wengine wanafanana kabisa na wenzao. Hakuna mtu mkweli atakayemwambia mama mwanao atakuwa hivi. Mnaweza tu kukaa naye chini, mkamwonyesha yanayojulikana, na kumpa muda. Ujumbe wa simu Ijumaa jioni hauwezi kazi hiyo.

Kisha yuko mama mwenyewe. Nimesema kwamba DNA nyingi iliyomo kwenye chupa ni yake. Mnapotoa jibu la upungufu wa kromosomu X, mara nyingine mtoto na kondo wote ni wazima: ni mama ambaye baadhi ya seli zake zina X moja, kwa sababu ya umri au kwa sababu alizaliwa mozaiki na hakuwahi kujua. Amekuja kuuliza habari za mtoto, ameambiwa habari zake. Na mara chache sana hesabu inayovurugika kwenye kromosomu nyingi kwa pamoja hutoka kwenye uvimbe: utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliochapishwa Desemba 2024 uliwachunguza wanawake 107 waliopata majibu ya kuvurugika au yasiyosomeka, na 52 wakakutwa na saratani ambayo haikuwa imeshukiwa. Kwa hiyo jibu lisilosomeka si la kutupa kapuni na kusema tutarudia bure. Ni la kumwita mama, na kumwita haraka. Na habari hizo ni zake: hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za jeni katika kundi la zile nyeti. Nataka kuamini kwamba mama aliyesaini fomu yenu aliambiwa kuwa zinavuka mipaka, na zinahifadhiwa kwa nani. Fomu nilizoziona hazisemi hivyo kwa lugha anayoielewa.

Sasa haja zangu. Mistari ile minne ipandishwe juu, kabla ya neno lolote jekundu, na iandikwe kwa Kiswahili: damu hii imepima chembechembe za kondo la nyuma; mtoto anaweza kuwa tofauti; usiamue kitu kabla ya kipimo cha uthibitisho. Asilimia 99 iondoke kwenye matangazo, na karatasi imwambie kila mama uwezekano wa jibu lake kuwa kweli kwa umri wake na kwa kromosomu iliyotajwa. Hesabu hiyo si siri, inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Jibu la hatari lisitumwe kwa simu bila mtu. Lisomwe na daktari au mshauri wa masuala ya jeni, ana kwa ana ikiwezekana, na siku hiyo hiyo mama aondoke na tarehe ya kuonana na mtaalamu. Asiambiwe kurudia kipimo kile kile kama uthibitisho. Kinofu cha kondo kikichukuliwa baada ya damu, jibu la haraka lisihesabiwe kuwa la mwisho ikiwa ultrasaundi haijaonyesha kitu. Zisubiriwe seli za kuoteshwa, au bora zaidi yasubiriwe maji ya uzazi. Wakunga tuambiwe jibu la kondo, ili tujue nani wa kumpima presha mara kwa mara na mtoto wa nani ni wa kumfuatilia ukuaji.

Na kuhusu fedha, kwa kuwa mwisho wa yote mtaniambia habari za fedha. Kipimo chenu mnakiuza kwa fedha ambazo kwa wengi wa akina mama zangu ni kodi ya nyumba ya miezi. Wengi sana wataambiwa hatari ni ndogo, wataondoka na furaha yao. Wachache watapata karatasi nyekundu. Ongezeni kiasi kidogo kwenye bei ya wote, na gharama ya kipimo cha uthibitisho kwa hao wachache iwe imeshalipwa tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli kwa wanaotoka mbali. Anayeuza hatua ya kwanza bila ya pili anamuacha mama katikati ya ngazi. Msipoweza kuigharamia hatua ya pili, basi msimuuzie binti wa miaka 25 hatua ya kwanza kwa jina la kujua jinsia. Jinsia ataijua kwa ultrasaundi ya wiki ya 20, kwa bei ndogo na bila kukesha.

Rasimu ya fomu ikiwa tayari, ileteni kliniki asubuhi yoyote ya siku za kazi. Tutaisoma kwa sauti mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi, na wao watawaambia ni sentensi gani hawakuielewa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga, kliniki ya wajawazito, Mombasa